Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea: Mbona Binti Hatumfundishi Kulea?

Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito ataruhusiwa kurudi darasani. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Miaka minne tu nyuma yake, Juni 2017, Rais Magufuli alisimama Chalinze akasema katika utawala wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shuleni. Kwa hiyo ule waraka ulifungua mlango uliokuwa umepigiliwa misumari. Binti akapewa miaka miwili ya kujifungua, kujipanga na kurudi.

Tangu hapo, ukisikiliza mijadala yetu, iwe ukumbini au kwenye vimbweta saa nne usiku, yote inahusu kurudi. Wangapi wamerudi? Mkuu gani wa shule anawazungusha? Wakae na wenzao au wapelekwe kwenye vituo vya elimu ya watu wazima? Ni maswali ya maana, siyadharau. Lakini kati ya siku tumbo lilipogundulika na siku binti alipovaa tena sketi ya shule kuna tukio moja kubwa tunaliruka kila mara: kazaliwa mtu. Mtu huyo ana njaa, ana usingizi wa vipande vipande, na analia bila kueleza analilia nini. Nani alimfundisha binti wa miaka 16 kukaa na mtu wa namna hiyo?

Jibu letu la haraka ni kwamba hilo halifundishwi, linakuja lenyewe. Mimi nasema linafundishwa, na kwamba kutomfundisha ni kumtelekeza mara ya pili, safari hii akiwa na mtoto mkononi.

Tusidhani tunazungumzia mabinti wachache wa vijijini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Tanzania wameshawahi kupata ujauzito. Mkoani Songwe ni asilimia 45, karibu mmoja katika kila wawili. Ule wa 2015/16 ulikuwa umetoa asilimia 27 kitaifa, kwa hiyo tumeshuka kidogo, sawa. Ila hata kwa kasi hiyo, wewe unayesoma ualimu utakuwa na mama darasani kwako kwa miaka yako yote ya ajira, na wewe wa uuguzi utampokea wodini. Halafu tusijitoe kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani linahesabu rika la balehe kuwa miaka 10 hadi 19, maana yake sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza imo humo humo. Kuna wenzetu wanalipa geto na dada wa kazi kutoka kwenye bumu lile lile ambalo wengine halitufikishi katikati ya semista. Tunapishana nao kwenye foleni ya kantini na hatujui kama wana watoto, kwa sababu hawasemi.

Sasa mfuate binti kliniki. Anapimwa uzito, presha, damu na mkojo, anapimwa VVU, anapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua, anaandikiwa kadi. Hayo yote yanaokoa maisha na sitaki mtu anielewe vibaya hapo. Wasichana wadogo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya kujifungua njiti, bila kliniki tungewazika wengi zaidi. Lakini angalia kinachosemwa mle ndani. Kuna somo la asubuhi kwenye mabenchi, dakika chache, wanawake arobaini pamoja, yeye akiwa amejikunyata nyuma asionekane na jirani yao. Akifika kwa muuguzi, kwenye vituo vingi atakutana na sentensi ambayo kila mwanamke Mtanzania ameshaisikia au kusimuliwa: "Wakati unafanya ulikuwa unalia?" Ataelezwa dalili za hatari, ataambiwa anyonyeshe miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine. Ataitikia "ndiyo" kwa kila kitu ili atoke haraka. Hakuna atakayemwonyesha mtoto anashikwaje anaponyonya, chuchu ikichanika afanye nini, wala mtoto akilia saa nane usiku amemaliza kunyonya na ni mkavu, inakuwaje.

Atafundishwa na mama yake, mtasema. Hapa ndipo hoja inapokuwa tamu, kwa sababu ni kweli tulikuwa na utaratibu. Lugha yenyewe inashuhudia: Kiswahili humwita mwanamke aliyejifungua juzi "mzazi", kama vile kuzaa ni hali anayokaa ndani yake kwa muda na watu wanamhudumia. Pwani kuna arobaini, kuna kukandwa maji ya moto, kuna uji wa pilipili manga. Uchagani mzazi analishwa mtori na supu, hashiki jembe. Somo au kungwi alikuwa na kazi inayoeleweka. Mama mchanga wa zamani naye alikuwa na miaka 16 au 17, mara nyingi tu, na hakuwa peke yake hata kwa saa moja.

Lakini utaratibu ule ulimwandaa mwali aliyeolewa. Aliyezalia nyumbani akiwa kidato cha pili hapikiwi mtori kwa shangwe. Baba haongei naye. Mama ameaibika kanisani au msikitini, na hata akimpenda mwanawe, yale mafunzo anayatoa akiwa amenuna. Wapo wanaofukuzwa kabisa wakaenda kuzalia kwa shangazi mjini, kwenye chumba kimoja na watu sita. Tukisema "bibi wapo" tuulize pia hao bibi wako katika hali gani. Bibi wengi wa siku hizi wana miaka 38, wana genge la nyanya la kufungua saa kumi na mbili asubuhi.

Na bibi anapoingilia kwa nguvu zote, huwa anachukua mtoto moja kwa moja. Mwaka jana nikiwa TP, kwenye shule ya kata ambayo sitaitaja, kulikuwa na binti wa kidato cha tatu aliyerudi baada ya kujifungua. Msikivu, hesabu anaziweza, kila kipindi cha nne na cha tano anakumbatia daftari kifuani. Nilichelewa kuelewa kwamba ni maziwa yanavuja. Siku moja nilimuuliza taratibu mtoto hajambo. Akasema hajambo, yupo na mama. Kisha akaongeza, kama anayetoa taarifa ya kawaida: "Mimi ananiita dada."

Nimeifikiria ile sentensi mara nyingi. Familia ile haikuwa na ubaya. Walitaka kuficha aibu na kumpa binti nafasi ya kusoma, na kwa kipimo cha waraka wa 2021 huyo ni mfano wa mafanikio: karudi, yupo darasani, anafaulu. Lakini maziwa bado yanatoka, mtoto yuko kilomita tatu kutoka hapo, na kati yao wamewekewa uongo ambao siku moja mtoto ataujua kwa mtu baki, pengine kwa kuzomewa na wenzake mtaani.

Hivi huo uhusiano wa mama na mtoto mchanga ni kitu gani hasa? Maana ukisema "mapenzi ya mama" kila mtu anaitikia na hakuna anayejua tumesema nini. Bahati nzuri sehemu ya jibu ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alimfuata mume wake aliyepata kazi Kampala, kwenye taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Badala ya kukaa tu, alianza kutembelea nyumba za Waganda katika vijiji vya jirani, familia 26 zenye watoto wachanga 28, akirudi kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa. Alikaa sebuleni, akaangalia. Kitabu chake kuhusu watoto wale kilitoka mwaka 1967, na vile vipimo vya uhusiano wa mtoto na mlezi ambavyo wanasaikolojia wetu wanavikariri kwenye madesa kama vitu vya Marekani vilianza kuota Buganda.

Alichokiona ni hiki. Kuna watoto waliotambaa mbali na mama kuchunguza mambo, wakageuka kumtazama, wakaendelea, wakiumia wakarudi kwake na kutulia. Na kuna waliolia hata wakiwa mapajani. Tofauti haikuwa mali ya nyumbani. Moja ya alama zilizokwenda pamoja na mtoto aliyetulia ilikuwa mama ambaye, ukimuuliza habari za mwanawe, alikuwa na mambo mengi ya kueleza: anapenda nini, analiaje akiwa na njaa, analiaje akiwa na usingizi. Yaani alikuwa amemsoma. Mama wa namna hiyo anaona ishara, anaielewa, anaijibu. Wataalamu wetu wa leo wanaita malezi yenye mwitikio.

Kwangu hiyo ndiyo habari njema kuliko zote katika mjadala huu. Kusoma mtu ni ujuzi, na ujuzi unafundishika. Binti wa miaka 16 anaweza kuonyeshwa kwamba mtoto wa siku tatu anaona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, takriban kutoka kwenye ziwa hadi usoni kwa mama, kwa hiyo anaponyonya humtazama yeye. Anaweza kuambiwa kwamba mtoto ameshaizoea sauti yake tangu tumboni, na kwamba akigeuza uso pembeni katikati ya mchezo hajamkataa, amechoka, ampe dakika moja. Kulia ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla ya hapo mtoto hulamba midomo, hugeuza kichwa kutafuta, hupeleka ngumi mdomoni. Msichana asiyejua hayo husubiri kilio, naye kilio kinamkuta amechoka, ana usingizi, na mtoto akilia sana anaanza kuamini kwamba mtoto hampendi. Nimesikia mabinti wakisema hivyo hivyo: "Hanipendi huyu." Ukishaamini kwamba mtoto wa wiki tatu hakupendi, mengine yanafuata yenyewe.

Wapo pia ambao si suala la kutojua. Baada ya kujifungua wanawake wengi hupita siku za machozi, na baadhi huingia kwenye sonona kabisa, na wasichana wadogo wasio na wa kuwashika mkono wamo kwenye hatari zaidi. Mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha miaka ya 1970 kinachompata mtoto pale mama anapomtazama kwa uso uliokufa, bila tabasamu wala sauti: katika dakika chache mtoto hujaribu kila mbinu aliyonayo kumrudisha mama, akishindwa hujikunja na kugeuka. Hapo mama alikuwa anaigiza. Binti mwenye sonona haigizi, na nyumbani wanasema ana kiburi, au kalogwa.

Hapa lazima niweke breki, maana jambo hili likishikwa na wapenda semina linageuka fimbo nyingine. Mwaka 1972 madaktari Klaus na Kennell walichapisha utafiti wa akina mama 28 tu, nusu yao wakipewa saa 16 za ziada na watoto wao katika siku za mwanzo, wakaona tofauti. Kutoka hapo ikazuka imani kwamba kuna saa ya dhahabu, ukiikosa basi umeharibu. Watafiti wengi baadaye waliipinga kwa nguvu. Kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa ni jambo zuri sana: linampa joto, linasaidia anyonye dang'a mapema. Kwa mtoto njiti, ule mtindo wa kangaruu ulioanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, ni tiba hasa. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuuanza mara moja, bila kusubiri mtoto atengemae, hupunguza vifo kwa robo. Lakini binti aliyepasuliwa akazinduka mtoto yuko chumba kingine hajapoteza chochote kisichorudishika. Mapenzi haya hujengwa kidogo kidogo, kwa kunyonyesha, kuogesha na kuamka usiku, miezi na miezi. Mwalimu atakayemtisha binti kwa saa ya dhahabu afadhali asije.

Je, kufundisha kunasaidia kweli, au ni maneno ya wenye miradi? Ushahidi upo, na hauko upande mmoja. Elmira, mji mdogo wa jimbo la New York, mwaka 1977 David Olds alianza kupeleka wauguzi nyumbani kwa wanawake waliokuwa na mimba ya kwanza. Walikuwa 400 katika utafiti ule, wengi vijana, wasio na waume au wa kipato cha chini. Muuguzi yule yule alikuja tangu ujauzito hadi mtoto alipofikisha miaka miwili. Miaka 15 baadaye, katika familia zilizotembelewa kipindi chote hicho, kesi zilizothibitishwa za watoto kuteswa au kutelekezwa zilikuwa karibu nusu ya zile za wenzao. Kule Kingston, Jamaica, wahudumu wa jamii, siyo wauguzi hata, walitembelea kila wiki kwa miaka miwili nyumba zenye watoto waliodumaa, wakiwafundisha akina mama kucheza na watoto kwa midoli ya makopo na vizibo. Watoto wale walipokuwa watu wazima wa miaka 22 kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa.

Halafu Uingereza wakauchukua mpango wa Olds, wakaujaribu kwa akina mama 1,645 wa miaka 19 kushuka chini. Matokeo yalipotoka mwaka 2015 hayakuonyesha tofauti kwenye mambo makuu waliyopima: uvutaji sigara, uzito wa mtoto, mimba ya pili ndani ya miaka miwili, kukimbizwa hospitali. Baadaye watoto walipoanza shule walionekana kuwa mbele kidogo tu. Wapinzani wa mipango hii wanapenda kuitaja Uingereza na wana haki. Mimi naisoma hivi: kule kila binti tayari ana mkunga, ana mgeni wa afya anayekuja nyumbani bure, ana posho. Ukiongeza kikombe cha maji kwenye ndoo iliyokaribia kujaa hutaona kikipanda. Songwe ndoo ni tupu. Hata hivyo inatufundisha tusiahidi miujiza, na tusipime malezi kwa vitu ambavyo malezi hayaahidi kubadili.

Kwetu karatasi hazikosekani. Desemba 2021, wiki chache tu baada ya tangazo la Waziri, serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na malezi yenye mwitikio yamo humo kwa jina. Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile 54 tulivyozoea kuvidharau, vimekuwa vikipokea mabinti waliokatisha masomo, na baadhi vina sehemu ya watoto ili mama akiwa anajifunza ushonaji mtoto awe jirani. Kinachokosekana ni uzi. Waraka wa elimu unamwona mwanafunzi, programu ya malezi inamwona mtoto, na kliniki inaliona tumbo. Mtu mmoja aliyebeba vyote vitatu hana wa kumwona akiwa mzima.

Ningeulizwa uzi huo uweje, ningesema aanze mtu mmoja, mhudumu wa jamii wa mtaa ule ule, anayefika tangu mimba ya miezi mitano na anayerudi. Neno kuu hapo ni kurudi. Mhubiri wa siku moja hana faida. Aende nyumbani, aongee na bibi kwanza na kwa heshima zote, kwa sababu bibi ndiye mwenye nyumba na ndiye atakayeamua kama mtoto wa miezi miwili apewe uji. Asimpokonye bibi ujuzi wake, amwombe aufundishe: nyimbo za kubembeleza anazo yeye, namna ya kumbeba mtoto mgongoni anaijua yeye, kukanda anajua. Kinachotakiwa ni bibi amfundishe binti badala ya kufanya yeye. Na mara moja kwa mwezi mabinti wenyewe wakutane, wa umri mmoja, na watoto wao, mahali ambapo hakuna wa kuwacheka. Nusu ya elimu hii ni kusikia mwenzako akisema na yeye alitamani kumwacha mtoto sokoni akakimbia, na hakumwacha.

Baba je? Haraka haraka: akiwa mtu mzima sheria iko wazi, tangu marekebisho ya 2016 kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, na mimi sina machozi naye. Akiwa ni mvulana wa darasa la jirani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu woga wa kifungo humkimbiza hata yule ambaye angependa kumshika mwanawe. Hilo lina mjadala wake, wanasheria wa kampasi mlichukue.

Sasa pingamizi kubwa, linalosemwa kwa sauti ya chini na wazazi na kwa sauti ya juu na baadhi yetu: mkiwafundisha kulea, mkiwawekea vyumba na vikundi, mnawaambia na wengine kwamba si kitu, wazae tu. Ndugu zangu, mmeshawahi kumwona msichana akipata mimba kwa sababu kasikia kuna mafunzo ya kunyonyesha? Mimba za utotoni zina vyanzo vinavyojulikana: umaskini, lifti ya bodaboda kwenda shule ya mbali, mjomba, ndoa zinazolazimishwa, ujinga wa miili yetu ambao sisi wenyewe tunaulinda kwa jina la maadili. Tena fikiria, binti anayeeleza wazi kwamba usiku aliamka mara tano ni onyo kubwa kwa wenzake kuliko bango lolote. Na hata kama hoja hiyo ingekuwa na ukweli, mtoto aliyeshazaliwa kakosa nini hadi malezi yake yatumike kutishia wengine?

Kuna jambo moja nataka wanasheria walitazame mbali na lile la baba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi anapewa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Mwanamke wa kiwandani anazo saa hizo kisheria. Binti wa kidato cha tatu, mwenye mtoto wa umri ule ule na mwili mchanga zaidi, sheria hiyo haimhusu kwa sababu si mwajiriwa. Wala mwanachuo haimhusu. Tumeruhusu arudi lakini arudi kama vile kifua chake hakijui kilichotokea.

Ndiyo maana naomba tuanze hapa kwetu, ambako hatuhitaji kumsubiri waziri. Katika kikao cha bajeti cha serikali ya wanafunzi nitapeleka hoja mbili na natafuta wa kuniunga mkono. Ya kwanza, kabla ya TP, wenzetu wa uuguzi na ustawi wa jamii watupe watu wa ualimu mchana mmoja tu: mwanafunzi anayenyonyesha anahitaji nini, maziwa yanakamuliwa na kutunzwaje, sonona ya uzazi inaonekanaje kwa msichana anayesinzia dawati la nyuma, na afisa ustawi wa kata anapatikana wapi. Sisi tulijifunza falsafa ya elimu kwa semista nzima na hakuna aliyetuambia kwa nini mtu akumbatie daftari kifuani.

Ya pili ni chumba. Kuna stoo karibu na zahanati ya chuo, inahifadhi viti vibovu vya uchaguzi wa mwaka juzi. Inahitaji kusafishwa, pazia, viti viwili vyenye mgongo, sinki, friji ndogo ya kuhifadhi maziwa yaliyokamuliwa, maana kwa joto letu nje ya friji hayapaswi kupita saa nne. Ufunguo ukae kwa muuguzi wa zamu, si kwa mlezi wa wanafunzi, ili mtu asilazimike kueleza maisha yake ndipo anyonyeshe. Nimeshazungumza na fundi wa sinki, na bei yake ni ndogo kuliko tulichotumia kwenye fulana za wiki ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza.